Koili ya Pikipiki: Historia ya Cheche na Swichi Yake

Mwaka 1836, katika chuo cha mapadri cha Maynooth nchini Ireland, Padri Nicholas Callan alizungushia nyaya mbili kwenye kipande cha chuma: mmoja mnene na mfupi, mwingine mwembamba na mrefu mno. Aliunga ule mnene na betri, kisha akakata mkondo ghafla. Kwenye ncha za ule mwembamba ukatokea umeme mkali kuliko betri yenyewe ilivyoweza kutoa. Kanuni ilikwisha kuonyeshwa na Michael Faraday mjini London mwaka 1831, lakini Callan ndiye aliyeifanya chombo. Koili iliyofungwa chini ya tangi la pikipiki yako ni uzao wa chombo hicho.

Umeme huo mkali huja pale mkondo unapokatika. Ndiyo maana historia ya koili, ukiichunguza vizuri, ni historia ya swichi yake. Wengi wanaotaka kuzipa pikipiki za zamani koili zenye nguvu zaidi hulisahau jambo hili, na pesa nyingi hupotea hapo.

Sifa za Callan zilichukuliwa na wengine. Heinrich Ruhmkorff, fundi Mjerumani aliyefanya kazi Paris, alitengeneza koili bora zaidi, na mwaka 1864 Mfalme Napoleon III wa Ufaransa akamtunukia faranga 50,000. Kabla ya hapo, mwaka 1860, Étienne Lenoir alikwisha kutumia koili ya aina hiyo kuwashia gesi ndani ya injini yake.

Pikipiki ya Daimler na Maybach ya mwaka 1885 haikuwa na cheche hata moja. Iliwasha mafuta kwa bomba lililopashwa moto. De Dion-Bouton wa Ufaransa ndio waliorudisha betri na koili katika miaka ya 1890, na injini zao ndogo zikazunguka kwa kasi ambayo bomba la moto lisingeifikia. Tatizo likawa betri: nzito, haidumu, na pikipiki za wakati ule hazikuwa na cha kuichaji. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Bosch huko Stuttgart, alikamilisha magneto ya volti nyingi inayojizalishia umeme wake bila betri. Magneto ikatawala pikipiki kwa miongo mingi. Koili ya betri ilirudi kwa wingi alternata, zinazochaji betri, zilipoanza kufungwa. Triumph Speed Twin, kwa mfano, iliiacha magneto mwaka 1953.

Halafu ikaja Honda CB750, mwaka 1969. Silinda 4, koili 2, na jozi 2 za pointi, yaani swichi zinazokata mkondo wa koili. Kila koili inalisha plagi mbili kwa pamoja, moja kwenye silinda inayobana mafuta na nyingine kwenye silinda inayotoa moshi, ambako cheche haina kazi. Injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, kila koili hutoa cheche zaidi ya 130 kwa sekunde. Katika muda huo mfupi pointi lazima zigusane, sumaku ya koili ijae, pointi ziachane, na volti elfu nyingi ziruke kwenye plagi. Nasema bila kusita kwamba ni kazi ya ajabu kwa vipande viwili vya chuma vinavyosukumwa na kamu.

Lakini pointi zina kikomo. Zikipitisha mkondo unaozidi ampea 4 hivi, huungua na kuota vishimo. Koili yenye ukinzani wa omu 4.5 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 2.7, na pointi huvumilia. Ya omu 3 huvuta ampea 4, ndiyo mwisho wa uvumilivu. Anayefunga ya omu 1.5 kwa kuwa ameambiwa ni ya mashindano anavuta ampea 8, na pointi haziendi mbali.

Mabadiliko ya kweli yalikuwa ya swichi. Mwaka huohuo wa 1969, Kawasaki H1 ilitoka na CDI: kondensa hujazwa volti mamia, kisha huzimwaga zote kwa mkupuo ndani ya koili. Nyingine zikafuata na transista, inayokata mkondo mkubwa bila kuungua. Hapo ndipo koili za omu chache zilipopata mwenzi wake. Pikipiki nyingi za bodaboda zetu hutumia CDI, na koili yake haifai kabisa kufungwa kwenye pikipiki ya pointi, hata kama skrubu na waya wa plagi vinalingana.

Kwa mwenye pikipiki ya zamani, adui mkubwa huwa kwenye nyaya. Umeme wa koili hupita kwenye swichi ya ufunguo, swichi ya kuzimia na viungio vyenye kutu ya zaidi ya miaka 40. Koili ikipokea volti 10 badala ya 12, nishati ya sumaku yake hupungua kwa karibu theluthi moja, kwa sababu hufuata mraba wa mkondo. Koili inayodhaniwa imezeeka huwa imenyimwa chakula tu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua koili, washa ufunguo pointi zikiwa zimegusana, weka mita ya volti kwenye waya unaoingia kwenye koili, kisha pima betri yenyewe. Tofauti ikizidi volti 1, safisha viungio au funga rilei inayochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ukitaka koili kali baada ya hapo, badilisha swichi kwanza: weka mfumo wa transista, ndipo uchague koili ya omu zinazokubalika na mfumo huo.