Lukasa: ubao wa kukumbushia maneno katika nchi ya Baluba

Zamani, katika nchi ya Kabongo, mtu aliyesimama peke yake mbele ya mulopwe kusimulia historia ya ufalme hakushika kitabu. Alishika ubao mdogo kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kulia kilitembea polepole juu ya shanga. Ubao huo ndio lukasa. Unaenea mkononi, umebinywa katikati, na wenye kuusoma waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu, wakubwa wa chama cha mbudye.

Kukariri kulianza muda mrefu kabla ya kupewa ubao. Mbudye ilikuwa na ngazi zake, na mtu alipanda moja baada ya nyingine. Kabla ya ile ya mwisho, ukutani mwa nyumba ya chama palichorwa ramani: maziwa, mito, miji ya wakubwa, makao ya mizimu. Mwanafunzi alipaswa kutaja kila mahali na aliyetawala pale. Mwenye kushindwa hapo angefanya nini na lukasa? Kwake ingekuwa shanga tu.

Maana ubao hauna neno hata moja. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo huweza kuwa mfalme na watu wake; mstari wa shanga huweza kuwa njia. Kidole kikifika, mdomo unaanza: hapa Mbidi Kiluwe, muwindaji, alitokea upande wa mashariki. Hapa Nkongolo, mfalme mkali, alichimba shimo, akatandika mkeka juu, akamwita Kalala Ilunga aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kijana kwa mlio wa ngoma. Kalala akauchoma mkeka kwa mkuki, shimo likaonekana, akakimbilia kwa baba yake.

Kwa hiyo watu wawili waliweza kusoma ubao mmoja na wasiseme sawasawa. Aliyesimulia mbele ya mkubwa fulani alikawia kwenye ukoo wa mkubwa huyo. Wengine wataita hiyo uongo, ilikuwa siasa. Kabongo inalijua jambo hili. Baada ya Kasongo Kalombo, yule ambaye Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwake mwaka 1874, watu wa ukoo wa kifalme walipigania kiti. Ufalme ukabaki pande mbili, Kabongo na Kasongo Niembo, na Wabelgiji wakaacha mgawanyiko huo usimame. Habari ya kiti, kila upande una namna yake ya kuisimulia.

Nchi yenyewe pia ilisaidia kukumbuka. Mfalme alipokufa, mji wake ukawa kitenta, na mwanamke aliyeitwa Mwadi akabeba roho yake. Mpita njia aliona pale, akakumbuka jina. Hapo ndipo vita viliumiza kumbukumbu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1960 na 1961, wakati wa mapigano ya vijana wa Balubakat na majeshi ya Tshombe, vijiji vya kaskazini mwa Katanga viliteketezwa na jamaa nyingi zikakimbia. Mtoto aliyekulia ukimbizini anaweza kulijua jina la Kalala Ilunga bila kupita hata mara moja katika njia zinazotajwa.

Lukasa nyingi leo ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo. Mwaka 1977, Mmarekani Thomas Reefe alichapisha makala juu ya ubao huu baada ya kuwasikiliza wazee wa Kiluba. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mary Nooter Roberts alikuta mbudye bado wanacheza ngoma zao, na mwaka 1996 yeye na mumewe Allen Roberts wakaonyesha mbao hizo mjini New York. Wageni waliona shanga. Sauti ya msomaji ilibaki huku.

Waliokuwa na miaka ishirini wakati ule sasa wanakaribia sitini, na wengine wanaishi mbali na vijiji vyao. Ubao unaweza kuchongwa upya, na shanga zinauzwa sokoni. Simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti ya mzee anayejua. Lakini aombwe ruhusa kwanza, maana mambo ya ngazi za juu za mbudye hayasemwi mbele ya kila mtu.