Mbuni wa Picha ni Ndege Gani?

Ukiiomba mashine ya kutafsiri ikupe jina la Kiswahili la mtu anayepanga mabango, majalada ya vitabu na nembo za kampuni, mara nyingi itakujibu bila haya: mbuni wa picha. Mbuni, kwa mkulima wa Bukoba, ni mti wa kahawa. Kwa mtoto aliyepelekwa Serengeti ni ndege mkubwa asiyeruka, mwenye mbio. Yupo mbuni wa tatu, yule anayebuni, lakini huyo alikwisha kunyang'anywa nafasi na mbunifu, tena kwa sababu za kueleweka. Aliyemrudisha hakuwauliza wasemaji. Aliuliza kompyuta.

Jambo hili lingepita kama kichekesho tu laiti lisingefika shuleni. Tangu Januari 2024 kidato cha kwanza kimeanza kuingia kwenye mtaala mpya wenye mikondo miwili, elimu ya jumla na mafunzo ya amali, na fani za mikono zinarudi darasani zikihitaji majina. Kijana wa Kahama au Katoro anayejifunza kupanga herufi, rangi na alama ili ujumbe umfikie mtu aliyeko mbali anastahili kujua anasomea nini. Darasani ataambiwa kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya kufundishia sekondari. Jioni, kwenye steshenari ya mtaani, fundi atamfundisha kazi ileile kwa Kiswahili: fungua leya nyingine, fonti hii haisomeki, kata stika upya. Fundi hana mgogoro wowote wa istilahi. Yeye anadizaini, basi.

Dizaini lingefaa, na mwandishi wa makala haya si katika wale wanaoogopa maneno ya mkopo. Tatizo ni kwamba vijana wamelifanyia kazi nyingine. "Dizaini kama amekasirika" haimaanishi kuwa kuna mtu amepanga chochote. Ni kusema anaelekea kuwa amekasirika. Neno lililokwisha kuwa "kama hivi" haliwezi tena kubeba fani.

Wataalamu nao wana mapendekezo yao, na kila moja lina kundi linalolinadi kwenye warsha. Muundo wa picha ndilo dhaifu kuliko yote. Muundo ni jinsi kitu kilivyoungana baada ya kuwapo; hautaji tendo wala mtendaji. Na picha imeingiaje? Mtu asimame kwenye lango la mgodi wowote mkubwa wa ukanda wa Geita. Ataona duara jekundu lenye mstari wa kukata: marufuku. Duara la buluu: lazima, vaa kofia, vaa viatu vya kazi. Pembetatu ya njano yenye ukingo mweusi: tahadhari. Umbo na rangi vimekwisha kusema kabla jicho halijafika kwenye kilichochorwa ndani, na ndivyo kanuni za kimataifa za alama za usalama zinavyotaka. Mchimbaji asiyesoma neno hata moja anasimama. Hajaona picha, ameona alama iliyopangwa.

Usanifu wa michoro limekaribia, na kwa hiyo linastahili kupingwa kwa adabu. Watetezi wake wana hoja nzuri ambayo, kwa bahati mbaya, hawaijui. Kuchora katika Kiswahili cha zamani ni kuchanja na kuchonga, kutia alama kwenye mti au ubao kwa chuma, kabla ya kuwa kupitisha kalamu juu ya karatasi. Neno la Kigiriki lililozaa "grafiki" nalo lilianzia kwenye kukwaruza. Lugha mbili zisizojuana ziliokota wazo moja, na hilo ni zuri kulitazama. Usukumani, kwenye ukanda huohuo wa migodi, kuna ushahidi wa mchoro uliokuwa somo. Mwaka 1953 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi serikalini wakati wa ukoloni, alichapisha kitabu juu ya michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Tanganyika. Michoro hiyo ilikuwa ndani ya nyumba za chama chao, ikionwa na walioingizwa chamani. Haikuwa pambo la kupendezesha ukuta.

Lakini leo nenda ofisi yoyote ya halmashauri ukasema una michoro. Utaulizwa kiwanja kiko mtaa gani. Michoro ni ya nyumba, na msanifu wake ni msanifu majengo. Kijana akijiita msanifu michoro atapewa kazi ya kukadiria nondo.

Kuhusu ubunifu, itoshe kusema kwamba neno hilo limechoka. Mshona nguo ni mbunifu wa mavazi. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019 yanalitumia kwa ugunduzi wa kiteknolojia. Na kila hotuba ya ufunguzi huwahimiza vijana wawe wabunifu, bila kuwaambia wabuni nini.

Jina linalotetewa hapa ni usanifu chapa.

Chapa ni mgeni aliyekaa hadi akawa mwenyeji. Limetoka Kihindi, ambako chhap ni muhuri, alama iliyogandamizwa. Pwani likakutana na mitambo ya uchapaji: gazeti la Msimulizi lilitolewa na wamisionari wa Kiungani, Zanzibar, tangu 1888. Kupiga chapa kukawa kuchapisha, na hadi leo serikali ina Mpigachapa wake Mkuu. Lakini neno halikubaki kwenye karatasi. Lilikwenda kwenye bidhaa, likawa alama ya biashara. Likaenda kwenye ngozi ya ng'ombe. Mwaka 2017 serikali ilipoagiza mifugo ipigwe chapa, wafugaji wa Shinyanga na Geita walishika chuma cha moto chenye herufi za utambulisho, na hakuna kamati iliyohitajika kuwaeleza chapa ni nini. Alama chache, zinazosomeka kwa mbali, zisizofutika, zinazomtaja mwenyewe. Mwalimu anayetafuta somo la kwanza la fani hii asiende mbali na zizi.

Sanifu nalo linahitaji kusafishwa, maana kuna watu, tena wenye vyeo, wanaoliunganisha na sanaa kana kwamba ni shina moja. Si moja. Sanaa imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kutenda kazi kwa ufundi. Sanifu limetoka kwenye sannafa, kugawa vitu kwa aina zake, na kutoka hapo kutunga kitabu, kwa sababu anayetunga hupanga. Kiswahili sanifu, kile kilichoshughulikiwa na Kamati ya Lugha kuanzia 1930, ni Kiswahili kilichopangwa. Hakuna aliyedai kuwa ni Kiswahili cha kisanii. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Kazi kubwa ya fani inayozungumzwa ni kuchagua na kutenga: kipi kiwe kikubwa, kipi kifuate, kipi kitoke kabisa.

Ngao ya Taifa ni mfano ulio mfukoni mwa kila mtu. Mwishoni mwa Mei 2017 alifariki Francis Maige Kanyasu, Msukuma aliyejulikana kwa jina la Ngosha, yaani mwanamume, baada ya vyombo vya habari kumkuta akiishi kwa shida Dar es Salaam akisema kwamba ngao hiyo ni kazi ya mkono wake. Wapo wengine waliotajwa kwa kazi hiyohiyo, na ubishi haujaisha. Kinachohusu makala haya ni kwamba mara aliitwa mchoraji, mara mbunifu. Hakuna jina kati ya hayo linalogusa kilichofanyika pale. Tazama ngao yenyewe: mwenge uko juu, kwenye sehemu ya rangi ya dhahabu inayosimama kwa madini, bendera inafuata, mkuki, shoka na jembe viko mahali pake, mwanamume na mwanamke wako pande zake mbili wakiwa wamesimama juu ya Kilimanjaro, karafuu na pamba miguuni. Nchi nzima imegawanywa kwa aina zake ikaingia kwenye muhuri. Aliyeipanga, awe nani, alikuwa msanifu chapa kabla jina halijapatikana.

Mwezi huohuo wa Mei 2017 mkoa wa Shinyanga ulilipa taifa somo jingine la istilahi. Serikali ilikuwa imezuia kusafirishwa nje kwa mchanga wa madini kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama, na makontena 277 yalikuwa yamekwama bandarini. Tarehe 24 ripoti ya kamati ya Profesa Mruma iliyouchunguza mchanga huo ikasomwa, na makinikia, jina lake la kitaalamu, likawa neno la kila kijiwe. Kwa mpenda mizizi neno hilo ni balaa. Makini ni utulivu wa akili. Kiingereza hutumia neno moja, concentrate, kwa kukaza fikra na kwa kuongeza uzito wa kitu kilichomo kwenye mchanganyiko, na aliyetafsiri, ukilitazama umbo la neno, aliishika maana ya kwanza akaibandika kwenye mchanga. Anayetaka kumtetea atasema kwamba katika Kiarabu makini ni imara. Haya. Lakini wachimbaji hawakungoja utetezi huo. Neno lilikuja siku lilipohitajika, likakaa.

Kwa hiyo hoja inayopendwa na mabaraza ya lugha, kwamba usanifu chapa "halina uwazi", haina uzito. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulifikisha jina hili mbele ya jopo moja. Lilipokelewa kwa ukimya, kisha ikaletwa chai. Baadaye mjumbe mmoja akanong'ona kwamba chapa huwakumbusha wanafunzi viboko. Ni kweli mwalimu huwachapa, na mchapakazi pia anachapa, na hakuna aliyewahi kumshitaki mchapakazi kwa shambulio. Na uwazi peke yake hautoshi: tarakilishi liliungwa kwa tarakimu na akili, likaingia vitabuni Kenya, na Tanzania ikaendelea kusema kompyuta. Waliolitunga walitosheka na uwazi wa mantiki. Chapa haliombi kuingizwa. Limo kwenye fulana za kampeni, kwenye mifuko ya saruji na kwenye paja la ng'ombe.

Kwa matumizi: anayefanya kazi ni msanifu chapa, wengi ni wasanifu chapa, kitenzi ni kusanifu, na kinachotoka ni chapa, iwe bango, stika au jalada. Lisiandikwe usanifu wa chapa, maana hiyo itakuwa kazi ya wenye bidhaa moja na nembo yao. Wala kistari hakihitajiki katikati, hata kama wahariri fulani wamekwisha kukiandaa.