Goma hadi Kilambo: Dakika za Ndege na Siku za Tope

Vita vilipofika Walikale mwezi Machi 2025, na Kilambo kikaingia mikononi mwa wapiganaji wa M23, wengi wa Kivu ya Kaskazini walikumbuka ya kwamba mahali hapo si kiwanja cha ndege kwa asili yake, bali ni kipande cha lami cha barabara kuu ya Bukavu na Kisangani, ambacho kwa kukosekana njia nyingine iliyo salama kilifanywa mahali pa kutua ndege.

Walikale ni kisiwa katika bahari ya msitu. Kutoka Goma, kwa mstari wa angani, ni yapata kilomita 130, iliyokuwa safari ya ndege ya dakika 30 hadi 40; ama msafiri wa nchi kavu, apitaye Sake, akapanda milima ya Masisi na kushukia Nyabiondo na Kashebere, huenda zaidi ya kilomita 200, na masika yakiingia loli hukwama topeni siku baada ya siku. Barabara za zamani za Wabelgiji zilikwisha kuchakaa zamani za Mobutu, na vita vya 1996 na 1998 vikamalizia.

Kilambo kilipata jina baada ya kasiteriti, jiwe la bati, kuonekana Bisie, katika msitu wa Walikale, mnamo mwaka 2002, na hasa bei ya bati ilipopanda maradufu mwaka 2004. Ripoti ya Global Witness ya Juni 2005, ambayo tunaitegemea kwa habari za wachukuzi hawa, ilianika biashara hiyo mbele ya ulimwengu. Wachukuzi walitoka mgodini kwa mwendo wa siku mbili msituni, magunia ya kilo 50 mgongoni, yameshikwa na ukanda upitao kipajini. Penye lami walingoja ndege ndogo za Let na Antonov: watu na vyombo wakaondolewa njiani, ndege ikatua, ikashusha bia, mchele na sabuni, ikapakia karibu tani mbili za mawe, ikarudi Goma kabla mchukuzi hajapumzisha mabega.

Na juu ya mali hiyo palizuka ugomvi mkubwa. Kampuni ya MPC ilikuwa na kibali cha utafiti kutoka Kinshasa. Kundi la GMB likadai haki kwa niaba ya wenye ardhi. Na askari wa brigedi ya 85 ya jeshi la serikali, waliopaswa kulinda raia, wakajifanya wenyewe watoza ushuru hata mwaka 2009. Rais Kabila alipiga marufuku uchimbaji kuanzia Septemba 2010, akaurejesha Machi 2011. Mwaka 2019 mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin ukaanza kazi Bisie.

Ni dhuluma iliyo wazi kwamba jiwe lilipewa dakika 40, na mjamzito wa Walikale akaachiwa tope. Uwanja wa Goma nao ulifungwa mji ulipotekwa Januari 2025, na hivyo udhuru wa kutegemea ndege badala ya barabara umekwisha. Serikali iitengeneze barabara ya Sake, Masisi na Walikale kabla ya kufikiri kiwanja kingine chochote.