Yadi ya Mabehewa ya Tabora

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, nyimbo na masimulizi peke yake. Umo pia katika kazi, yaani namna watu walivyojifunza kuitenda kwa pamoja. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuitazama yadi ya mabehewa ya Tabora, ambako kwa miaka mingi mizigo ya magharibi ya nchi yetu ilisimama, ikapangwa, kisha ikaendelea na safari.

Tabora ilikuwa njiapanda kabla ya reli. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilifika Unyanyembe, na hapo njia ziligawanyika: moja ikaelekea Ujiji, nyingine ikaelekea kaskazini kwenye nchi za Ziwa Nyanza. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga, kila mmoja mzigo wa kama kilo 30. Hivyo kazi ya kupokea mizigo, kuigawanya na kuielekeza ilikuwa desturi ya mahali hapo kabla ya chuma cha kwanza kulazwa.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, umbali wa kilomita 1,250 hivi. Hatuna budi kukumbuka kwamba waliochimba tuta na kubeba mataruma walikuwa wananchi wa nchi hii, wakiwamo Wanyamwezi wale wale ambao upagazi wao reli ilikuja kuukomesha. Ujenzi ulipokwisha, vita vikaanza. Na mwezi Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora.

Yadi ilipata uzito wake kamili mwaka 1928, wakati wa Waingereza, njia ya kutoka Tabora hadi Mwanza ilipokamilika. Kutoka kaskazini ilikuja pamba ya Usukuma. Kutoka magharibi ilikuja chumvi ya Uvinza, pamoja na shehena za Kongo na Burundi zilizovushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Baadaye, kwenye mwaka 1950, tawi la Kaliua hadi Mpanda lilifunguliwa kwa ajili ya madini ya risasi. Kutoka pwani zilikuja bidhaa za madukani, saruji na mafuta.

Garimoshi moja lilileta mabehewa ya safari mbalimbali, na kila behewa lilipaswa kufunguliwa, kusukumwa kwenye njia yake na kuungwa na mengine ya safari moja. Mmoja aligeuza njia za reli. Mwingine aliingia katikati ya mabehewa kuyaunga. Dereva alifuata ishara za bendera mchana na za taa usiku. Ishara ikikosewa, mtu aliweza kubanwa akafa. Kwa hiyo watu wa makabila mbalimbali walilazimika kuelewana upesi na kuaminiana, kwani maisha ya kila mmoja yalikuwa mikononi mwa mwenzake.

Hata hivyo kuaminiana huko hakukuwa na malipo ya haki. Utawala wa kikoloni ulipanga vyeo na mishahara kwa rangi: Wazungu juu, Waasia katikati, Waafrika chini. Mwezi Septemba 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulienea bara kwa kuifuata reli, na mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma tena kwa muda mrefu. Njia iliyojengwa kuchukua mali ya nchi ilichukua pia madai ya watu wake. Basi, historia ya reli ni sehemu ya historia ya kudai uhuru.

Kupungua kwa shughuli kulikuja polepole. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mali ya Shirika la Reli ikagawanywa. Malori yakachukua mizigo kadiri barabara za lami zilivyoongezeka. Mvua kubwa za miaka ya 1997 na 1998 ziliharibu njia. Ukodishaji wa shirika kwa kampuni ya nje, ulioanza mwaka 2007, haukudumu, na serikali ikalichukua tena. Njia zilizozoea kujaa mabehewa zikabaki na machache.

Sasa reli mpya ya upana wa milimita 1,435 inajengwa. Mwaka 2024 treni zake zilianza kusafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kwa mujibu wa mpango itafika Tabora na kugawanyika hapo, kwenda Mwanza na Kigoma. Njiapanda ya misafara itakuwa njiapanda kwa mara ya tatu.

Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Chuma cha zamani chaweza kung'olewa na kuyeyushwa bila hasara kubwa. Lakini ishara za mikono, majina waliyoyapa kazi zao, na kumbukumbu za waliofanya kazi usiku katikati ya mabehewa havimo katika chuma hicho. Vimo vifuani mwa wazee, ambao hupungua kila mwaka. Yafaa tuwaulize na kuandika wangali nasi, ili watakaoiendesha reli mpya wajue kwamba wamerithi kazi.