Mtindo wa Mchoraji katika Mkono wa Mtoto: Kutoka Vienna hadi Oyster Bay

Katika shule nyingi za msingi za Ulaya, mwalimu wa sanaa hutundika ukutani nakala ya mchoro wa Edward Saidi Tingatinga, akawagawia watoto rangi, na kipindi kinapokwisha darasa zima huwa limechora chui wenye madoadoa. Aghalabu somo hili huchukuliwa kuwa burudani tu. Hata hivyo, linagusa swali ambalo limewagawa walimu wa sanaa kwa zaidi ya karne moja: mtoto anapopewa mtindo wa mtu mwingine, je, anafunguliwa au anafungwa?

Franz Cižek, aliyeanzisha darasa la watoto mjini Vienna mwaka 1897, alishikilia kwamba anafungwa. Kwa maoni yake, mtoto alipaswa kuachwa akue bila kuwaiga watu wazima. Lakini kazi za wanafunzi wake zilipoonyeshwa Uingereza kuanzia 1920, baadhi ya watazamaji walibaini kuwa zilifanana mno. Yamkini ruwaza iliyokatazwa iliingia kwa njia ya pongezi, kwani mtoto hutambua upesi picha inayompendeza mwalimu.

Marion Richardson, aliyefundisha Dudley kuanzia 1912, alifuata njia inayopaswa kuwavutia wahakiki wa fasihi. Aliwasimulia wanafunzi mandhari huku wamefumba macho, kisha wakachora walichokiona akilini. Neno lilitangulia rangi. Mwaka 1917 kazi zao zilionyeshwa London na Roger Fry, yuleyule aliyewatambulisha Waingereza kwa michoro ya Cézanne na Matisse mwaka 1910. Kinaya kilichopo hapa hakipaswi kupuuzwa: wakati huo wachoraji mashuhuri ndio waliotamani jicho la mtoto; leo mtoto ndiye anayeambiwa achore kama Matisse.

Mwanafunzi wa Richardson, Margaret Trowell, aliileta mbinu hiyo Makerere katika miaka ya 1930. Aliwasimulia vijana wake hadithi wachore, na hakutaka waige picha za Kizungu. Nia yake ilikuwa njema, ila aliyeamua kipi ni cha Kiafrika na kipi si cha Kiafrika alikuwa Trowell mwenyewe. Cecil Todd, aliyemrithi mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwafungulia wanafunzi historia ya sanaa ya ulimwengu, wakachagua wenyewe pa kuchota.

Tingatinga hakupitia mjadala huo. Alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, akitumia vibao vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Jamaa zake vijana walijifunza kwa kuketi karibu naye na kuiga waziwazi. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, walikuwa na mtindo wa kuendeleza. Mnamo 1990 warithi wa kazi hiyo walisajili chama cha ushirika. Miongoni mwao wapo waliobaki na mnyama mmoja kwenye usuli mtupu, na wapo walioingia katika michoro ya hospitali, masoko na mashetani. Hali hii si ngeni kwa msomi wa ushairi wa Kiswahili. Hakuna anayemshtaki malenga chipukizi kwa wizi eti kwa sababu ametunga utenzi wa mizani nane. Bahari hurithiwa, kinachopimwa ni kile anachokisema ndani yake.

Kwa hivyo, kosa la somo la chui wa madoadoa haliko katika kuiga. Liko katika kiasi kinachoigwa. Kijana wa Oyster Bay alijifunza kupaka usuli kwanza na kungoja rangi ikauke, kisha kuchora mwili wa mnyama na kumalizia kwa madoa. Alijua pia kwamba kibao lazima kiwe chepesi ili mtalii aweze kukibeba. Mtoto wa shule hupewa madoa peke yake, na kwa kawaida huanza nayo.