Ajali haina kinga?

Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka. Maji yakaporomoka na kuzoa nyumba, mifugo na watu. Waliokufa hawakupungua 47.

Kwenye matanga, neno "ajali" halikawii kutamkwa. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa, hasa ule wa mtu kufa. Kiswahili kimelichukua na mizigo yake: ajali ni lori lililopinduka barabarani huko Salgaa, na pia ni siku aliyoandikiwa mtu. Ndiyo maana mfiwa anayelia "Mungu, kwa nini mimi?" huambiwa ajali haina kinga, naye akapata pa kuegemea. Si faraja ndogo hiyo.

Ila bwawa hujengwa na watu, na watu ndio hulikagua (au huacha kulikagua). Mwaka huohuo wa 2018, washukiwa wa mkasa wa Solai walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, wakakana.

Mfiwa ana haki ya kumwachia Mungu. Mwandishi wa habari hana: aandike "bwawa lilipasuka", kisha aulize lilijengwa na nani, na kwa kibali gani.