Askari wa Kirumi Unawajua, wa Kalenga Je?

Wadau wa Dom, muvi za askari wa Kirumi tumezimaliza, ila wa jirani hapa hatuwajui. Panda basi la Iringa kupitia Mtera, kisha sogea Kalenga. Makumbusho yenyewe ni madogo, ila humo limo fuvu la Mtwa Mkwawa.

Agosti 17, 1891, pale Lugalo, Wahehe wenye mikuki walikisambaratisha kikosi cha Wajerumani chenye bunduki na mizinga. Kamanda Zelewski akauawa. Mkwawa alijipiga risasi 1898 asikamatwe, kichwa kikabebwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe, kikarudi 1954!

Kichwa kimoja kimezungumzwa hadi Ulaya. Wale walioshika mikuki Lugalo je? Majina yao hayamo. Kama una babu Iringa, muulize leo, kesho ni mbali.